Marehemu Alipooza Kulia

Niseme mapema kabisa: siku ile niliinuka kwenye mkeka ili nikamgombeze mume wangu, si ili nikamwokoe. Watu wa Ng'ambo wameshaitengeneza hadithi wanavyotaka wao. Wanasema Mama Stela alioteshwa, Mama Stela ana macho ya malaika. Macho gani! Nilikuwa na hasira tu. Hasira ninazo tangu nizaliwe, na siku ile zilinifaa.

Mume wangu anaitwa Silasi. Ni Mgogo wa Manyoni. Aliletwa hapa Tabora na kazi ya reli, akastaafu, akabaki Ng'ambo anatengeneza baiskeli. Mimi, huyo Mama Stela, ni Levina, Mnyamwezi wa hapahapa. Na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu zamani. Babu zetu walikuwa wapagazi, wanabeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, na njia ilikatiza Ugogo. Mgogo alikaa njiani kwake, mkono mbele: hapa kwetu, maji yetu, toa hongo upite. Nguo, shanga, jembe, chochote. Wazee wale walitukanana mpaka wakageuka ndugu. Ndiyo maana hadi leo Mnyamwezi akifa, Mgogo huja msibani na kudai hongo yake kabla jeneza halijapita.

Sasa huyo Mgogo wa misiba yote ya Ng'ambo ndiye niliyepewa mimi. Silasi hafanyi utani wa kubahatisha. Akisikia msiba, anaomba nguo za marehemu, anazivaa, na hapo utadhani marehemu kafufuka. Kama mzee alikuwa anakohoa, Silasi atakohoa kikohozi kilekile. Kama mama alikuwa na mwendo wa kuringa, Silasi ataringa mpaka watoto wa marehemu walie na kucheka kwa pamoja. Halafu jeneza likipakiwa analala barabarani mbele ya gari. "Hapa Ugogo! Mpagazi hapiti bila hongo!" Hanyanyuki mpaka apewe kuku, jembe, au hata kandambili. Mara moja aliingia kaburini kabisa, akakoroma humo, padri akasubiri.

Nyumbani naye ni hivyohivyo. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijaulizwa nimeamkaje. Anafungua macho na kunisalimia Kigogo chake, "Mbukwa, mpagazi wangu. Mzigo umeufikisha wapi?" Nami namjibu, "Amka, ombaomba, chai iko mezani." Ndiyo salamu yetu. Siku ambayo hakusema hivyo nilijua tumegombana.

Kilichonikosanisha naye hasa ni presha.

Mwaka jana muuguzi Najiat, yule wa kliniki ya presha hospitalini, alikuja parokiani kwetu baada ya misa. Alisimama pale mbele na ushungi wake mweupe, akatufundisha habari za kiharusi. Akasema si jini wala si upepo mbaya. Ni damu imekatika kwenda kwenye ubongo, mshipa umeziba au umepasuka, na kila dakika inayopita sehemu ya ubongo inakufa. Akatuonyesha jinsi ya kumtambua mtu. Mwambie atabasamu, uone kama uso umelegea upande mmoja. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie aseme maneno mnayoyajua wote, usikie kama yanatoka sawasawa. Moja tu likiharibika, mkimbize hospitali saa ileile, na usimpe kitu chochote mdomoni. Halafu akasema, "Karibuni tuwapime."

Silasi alipimwa. Mia moja tisini na mbili juu ya mia moja kumi na tano. Najiat akapima tena, akamwuliza kama anaumwa kichwa. Silasi akajibu kwamba kichwa kinamuuma tangu aoe Mnyamwezi. Watu wakacheka, lakini Najiat hakucheka. Akampa vidonge na masharti: kidonge kila siku, hata akijisikia mzima, chumvi apunguze, ugoro aache, na arudi kila mwezi.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nikasema nimeacha maharage jikoni, nikaondoka.

Hakukuwa na maharage. Mama yangu alipimwa presha Jumatatu, akaanguka Alhamisi, na tangu hapo mashine ile naiogopa kama ndiyo iliyomwangusha. Tena mimi mwili wangu naujua. Watu wenye presha ni wale wanaonyamaza na kuweka mambo moyoni. Mimi siweki. Presha yangu yote naitolea mdomoni, majirani ni mashahidi.

Silasi alimeza vidonge wiki mbili, kichwa kikapona, akaacha. "Nimepona, nimeze za nini?" Nilimgombeza asubuhi, nikamgombeza jioni. Na chumvi je! Yule mtu alikuwa anatembea na chumvi ya mawe ya Uvinza mfukoni, kaifunga kwenye karatasi. Nikipika mlenda bila chumvi, anatoa kifurushi chake na kunyunyiza huku ananitazama machoni, makusudi. Nilikipekua kifurushi hicho kwenye suruali zake kuliko wanawake wengine wanavyopekua barua za mahawara.

Basi, akafa Wenceslaus.

Wenceslaus alikuwa jirani yetu, Mnyamwezi, fundi wa vitanda. Miaka miwili kabla, alianguka karakanani kwake. Ndugu zake wakasema katupiwa jini, wakampeleka kwa mganga mmoja, halafu kwa mwingine, na siku ya nne ndipo akafikishwa hospitali. Aliishi, lakini upande wa kulia ulikufa wote. Mdomo uliteremka kulia, mkono wa kulia ukakunjwa kifuani, mguu wa kulia akawa anaukokota na fimbo. Na maneno yake yote yakapotea likabaki moja: "Basi." Akitaka maji, "Basi, basi." Akikusalimia, "Basi." Akikasirika, "Basi basi basi!" Alikuwa mpole, na tulimzoea hivyo.

Asubuhi ya mazishi, Silasi akasimama mbele ya kioo cha kabati anafanya mazoezi. Alikuwa kaonja mayai yangu na kuyamwagia chumvi, na kichwa kilikuwa kinamuuma tangu alfajiri, lakini nilipomwuliza habari za kidonge akajifanya hasikii. Akakunja mkono, akateremsha mdomo.

"Basi, basi," akasema kwenye kioo.

"Umekosea," nikamwambia. "Huo ni wa kushoto. Marehemu alipooza kulia."

Akajitazama. Kioo kilikuwa kimemchanganya. Akabadilisha mkono haraka, kisha akanigeukia kaudhika kwelikweli. "Levina, nimewatania maiti wa mji huu miaka ishirini. Sijawahi kukosea upande."

"Leo ungekosea."

"Mbele ya Rustika? Nikosee upande wa mume wake? Bora nife mimi."

Maneno yake hayo ninayo mpaka leo.

Tulifika msibani saa tatu. Rustika, mjane wa Wenceslaus, alikuwa kakaa kwenye mkeka kati ya wanawake, kajifunika kanga mpaka usoni. Siku ya nne hiyo alikuwa hajala wala hajasema. Nikakaa karibu yake. Silasi akapewa suruali ya marehemu, koti lake na fimbo yake, akaingia nyuma ya nyumba kuvaa.

Alipotokea, ua mzima ulishtuka. Alikuwa Wenceslaus mwenyewe. Mkono wa kulia kifuani, mguu wa kulia unachora mstari mchangani, fimbo mkono wa kushoto. Akaenda mpaka kwa katekista, akampa mkono. "Basi." Akaenda jikoni, akachungulia sufuria ya nyama, akamtazama mpishi kwa uchungu. "Basi basi basi!" Watu walianguka kwa kicheko. Halafu akaja mpaka kwenye mkeka wetu, akainama mbele ya Rustika, na kwa upole uleule wa marehemu akasema, "Basi, basi."

Kanga ikatikisika. Nikadhani analia. Rustika alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anampiga Silasi begani na kumwambia, "Ondoka, mshenzi wewe!" Baada ya hapo akaomba chai. Nilijisikia fahari sana, ingawa singemwambia Silasi.

Jeneza likatolewa, likapakiwa kwenye pikapu ya Doto. Doto ni rafiki wa Silasi, dereva, na siku hiyo alikuwa kafunga msalaba na maua mbele ya gari kwa kamba. Saa nne ilikuwa imepita kidogo, maana katekista alikuwa analalamika kwamba padri anasubiri. Silasi akajitupa chini mbele ya tairi.

"Hapa Ugogo! Hongo!"

Ndugu wa marehemu wakaanza kubishana naye, ndivyo inavyotakiwa. Wakamletea jogoo. Akamkataa, eti kakonda kama Wanyamwezi wenyewe. Wakaleta jembe. Akalitazama, akakubali, akataka kuinuka.

Hakuinuka vizuri. Fimbo ilimtoka mkono wa kushoto ikaanguka. Akaipapasa, mkono ukapita pembeni yake, ukapapasa mchanga. Akajaribu tena, akayumba, akaegemea boneti ya gari. Mdomo wake ukashuka, ukaanza kutoa mate.

Watu wakapiga vigelegele. Mimi damu ilinichemka. Mdomo ulikuwa umeshuka kushoto! Nilimwambia asubuhi, kanibishia, kaniapia, na sasa mbele ya mjane na katekista na ukoo mzima anakosea upande! Nikainuka pale mkekani, nikafunga kanga kiunoni, nikawapita watu kwa viwiko.

"Wewe mzee mpumbavu, ni kulia! Nimekwambia kulia!"

Kicheko kikaongezeka. Mtu akapaza sauti, "Na mkewe kaingia mchezoni!"

Nikamshika koti nimtikise. Silasi akanitazama, na jicho lake la kushoto lilikuwa halinifuati. Uso wa upande ule ulikuwa umeteremka wote, si mdomo tu, hata shavu. Mtu anaweza kuvuta mdomo. Shavu huwezi kulilegeza vile.

Nikasahau hasira. Sauti ya Najiat ikanijia kichwani.

"Silasi, tabasamu."

Akatabasamu nusu. Watu wakapiga makofi.

"Inua mikono."

Akainua wa kulia, ule ambao muda wote alikuwa anaukunja kwa mchezo. Ulikwenda juu sawasawa. Wa kushoto ulibaki ukining'inia. "Inua yote miwili!" Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba ameshainua yote.

"Sema: Levina ni mpagazi."

Maneno hayo kayasema kila siku ya Mungu kwa miaka thelathini na moja. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kama cha mtu mwenye ugali moto mdomoni. "Ve-ina... pa-aji." Kisha akaongeza kitu ambacho nilikielewa kwa shida: yeye mzima, nimwache amalize kazi.

Nikapiga kelele. Na mimi nikipiga kelele, wanasikia hadi stesheni. "Si utani! Mume wangu ana kiharusi! Si utani jamani!"

Wakacheka. Walaumiwe? Nani angeamini? Yuleyule aliyekoroma kaburini, kavaa nguo za mtu mwenye kiharusi, kainama kwenye gari la maiti, mkewe anapiga mayowe. Mzee mmoja alikuwa anajifuta machozi na kofia. Nilitaka kumpiga Silasi, nilitaka kuwapiga wote. Nikamkumbatia kiunoni kwa sababu alikuwa anateleza, mzito, na nililia mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu mama yangu afe.

Ndipo Rustika akasimama. Mjane hainuki mkekani mpaka ainuliwe, kwa hiyo wanawake wakaguna. Akaja moja kwa moja, akamtazama Silasi usoni kwa muda mfupi.

"Marehemu alipooza kulia," akasema, si kwa sauti kubwa. "Huyu ni kushoto. Silasi hakosei."

Yule mzee akarudisha kofia kichwani. Mtu fulani wa ukoo ndio kwanza akapata akili: aletewe limau! Mwingine, achomwe sindano vidoleni! Mwingine akasema kuna mzee huko Ziba anayetoa majini ya namna hiyo. Rustika akawageukia.

"Mliniambia hivyohivyo. Nikampeleka wangu kwa wazee wenu siku tatu, akarudi na neno moja. Shusheni jeneza."

"Shemeji, padri anasubiri," akasema katekista.

"Mume wangu hana haraka tena. Wa Levina anayo. Shusheni!"

Wakamshusha Wenceslaus, wakamweka barazani kwake kwenye viti viwili. Silasi akalazwa kwa ubavu palepale kwenye pikapu, kwenye mkeka wa jeneza, nami nikapanda nikamshika kichwa. Doto akaondoka kwa kasi bila kukumbuka kutoa msalaba na maua.

Sasa hiyo safari, nikiikumbuka leo, nacheka mpaka mbavu zinauma. Siku ile sikucheka. Watu wa Tabora wana heshima. Gari la maiti likipita wanasimama. Wenye maduka wakasimama. Wenye baiskeli wakashuka. Bodaboda mmoja akavua kofia ngumu, akaishika kifuani, akainamisha kichwa. Na Silasi, ambaye alikuwa haamini kwamba anaumwa, akainua mkono wa kulia akampungia. Yule kijana aliacha pikipiki yake barabarani, akaruka mtaro.

"Nyamaza wewe, lala!" nikamwambia Silasi. Naye akajaribu kucheka, mate yakanitiririkia kangani.

Kioo cha nyuma cha gari kilikuwa wazi, nikamsikia Doto anasema kitu kwa sauti ya kilio. "Shemeji, nisamehe. Vidonge vyake nimekuwa nakula mimi."

"Nini?"

"Alisema yeye kapona. Mimi kichwa kinaniuma sana siku za safari. Akasema chukua, sisi ni ndugu."

"Umepimwa?"

"Sijapimwa."

Nikafikiria kwamba tunaendeshwa na mtu ambaye naye anaweza kuanguka wakati wowote, nikamwambia akazane hivyohivyo lakini tukifika nitamnyonga. Getini kwa hospitali mlinzi aliona maua na msalaba, akatuelekeza kwa adabu tuzunguke nyuma, chumba cha maiti kiko huko. Nilimjibu maneno ambayo niliyaungama Jumapili iliyofuata. Geti likafunguka.

Najiat ndiye aliyetukuta mlangoni mwa mapokezi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Imeanza saa ngapi?"

"Saa nne na robo. Jeneza lilikuwa limepakiwa tu."

Akatazama saa ya ukutani. Hata saa tano ilikuwa haijafika. "Mmewahi," akasema, akaita watu kwa sauti, na Silasi akaondoka kwa kitanda cha magurudumu akiwa bado kavaa koti la marehemu.

Daktari alisema mshipa uliziba, haukupasuka. Alisema angekuja kesho yake, au angepitia Ziba, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Wenceslaus alizikwa jioni ile saa kumi na moja, bila utani. Nasikia Doto aliliendesha jeneza polepole sana, na hakuna aliyelala barabarani.

Mimi nilikaa pale wodini na Silasi wangu. Siku ya kwanza hakusema. Siku ya pili aliguna. Nilimfuta mdomo, nikamgeuza, nikamlisha uji walioniruhusu, kijiko kwa kijiko, na kila asubuhi nilimwambia, "Amka, ombaomba." Alinitazama tu. Hapo ndipo nilipojua ninachoogopa. Mkono nisingeujali, baiskeli wengine wangetengeneza. Niliogopa nitarudi nyumbani na mtu mpole asemaye neno moja, na kwamba nitaishi miaka yangu iliyobaki bila kuitwa mpagazi. Niliwahi kulichukia jina hilo, mbele ya watu hasa. Sasa niliomba rozari nzima nilisikie.

Siku ya nne nilikuwa napita kati ya kitanda chake na cha jirani, bakuli la uji mkononi, nikaona kitu kimeniwekea kizuizi. Ulikuwa mkono wa kushoto. Ulikuwa unatetemeka, haukuinuka hata juu ya godoro vizuri, lakini ulikuwa njiani kwangu.

"Hongo," akasema Silasi.

Nilimwaga uji wote. Muuguzi wa zamu alikuja mbio akidhani kimetokea kitu kibaya, akanikuta nimepiga magoti namtukana mume wangu na kumbusu mkono.

Tulitoka baada ya wiki mbili. Maneno yakarudi kidogo kidogo, mguu unakokota kiasi. Rustika alimletea fimbo ya Wenceslaus, akasema wewe uliishika kwa mchezo, sasa itumie kwa kweli, na ukimaliza unirudishie. Kifurushi cha chumvi nilikichoma. Ugoro aliutupa mwenyewe. Vidonge anameza mbele yangu, anafungua mdomo nikague, kila siku. Na Doto alipelekwa kupimwa na mimi mwenyewe, nimemshika mkanda. Naye ana vidonge vyake sasa, havina undugu na mtu.

Ikafika siku ya kliniki. Tukaenda wote, nimemshika kiwiko. Watu walikuwa wengi kwenye benchi, na wengi walimjua, wakamwuliza amelala barabara gani tena. Zamu yake ilipofika, akapimwa, presha ilikuwa imeshuka vizuri, Najiat akamsifu. Nikasema asante, nikachukua mkoba wangu ili tutoke.

Silasi alikuwa ametangulia mlangoni. Akageuka. Akauinua ule mkono wa kushoto taratibu, jasho linamtoka, mpaka ukashika fremu ya mlango.

"Hapa Ugogo," akasema.

"Silasi, usinichezee. Watu wanasubiri."

"Hongo."

"Nitakupa karanga nyumbani. Pisha!"

"Sitaki karanga." Akaonyesha mashine kwa kidevu. "Mkono wako."

Benchi nzima ikaangua kicheko. Nikamwambia nimeacha maharage jikoni. Akasema maharage hayo yanaungua mwaka wa pili sasa. Nikamwambia mimi siumwi, mimi presha yangu naitolea mdomoni, kila mtu anajua. Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka juu ya fremu, na nilijua unamuuma, na nilijua hataushusha mpaka uanguke wenyewe. Nikakaa kwenye kiti kwa kishindo, nikatoa mkono.

Najiat akanifunga kile kitambaa, kikanibana. Nikafumba macho. Nilimwona mama yangu, Jumatatu ile, kavaa gauni lake la kwendea mjini. Mashine ikalia. Najiat akanifunga mkono wa pili, ikalia tena.

"Mama Stela," akasema, "leo umekuja na nani?"

"Nimemleta mgonjwa."

"Mgonjwa ni yupi kati yenu?"

Akanigeuzia mashine nisome. Mia moja tisini na nane juu ya mia moja na ishirini. Ilikuwa kubwa kuliko ya Silasi ya siku ile kanisani.

Kicheko cha benchi kikakatika. Nilingoja Silasi acheke, ilikuwa haki yake. Miezi mingapi nimemgombeza na mimi ninatembea na mzigo huo. Hakucheka. Aliacha mlango, akaja akikokota mguu, akasimama mbele yangu. Uso wake ulikuwa kama ule wa kwangu siku ile kwenye pikapu, sasa najua ulivyokuwa.

"Tabasamu," akaniambia.

Nikatabasamu, kwa shida, maana nilikuwa nalia.

"Inua mikono."

Nikainua yote miwili.

"Sema: Silasi ni ombaomba."

"Silasi ni ombaomba," nikasema. "Silasi ni Mgogo mwizi wa mlangoni, na chumvi yake nimeichoma."

Akanisikiliza mpaka mwisho, neno kwa neno. Kisha akamgeukia Najiat.

"Mpe vidonge," akasema. "Mpagazi wangu apite."